Mkopo wa nyumba wa dola: haumfai anayelipwa kwa shilingi

Mkopo wa nyumba wa dola huchukuliwa kwa sababu ya riba, na kwenye karatasi riba yenyewe inavutia kweli. Chukua nyumba ya Nairobi ya Sh8.5 milioni, iliyonunuliwa mwisho wa 2021, dola ikiwa karibu Sh113. Mkopo wa dola 60,000 wa miaka 15 kwa asilimia 8 unadai dola 573 kwa mwezi, yaani Sh64,800 hivi. Ukikopa kiasi hichohicho kwa shilingi, Sh6.78 milioni kwa asilimia 13, unalipa karibu Sh85,800. Tofauti ya Sh21,000 kila mwezi si ndogo kwa mwenye karo ya kulipa.

Sasa usogeze mkopo huo mbele miaka miwili. Januari 2024 dola ilifika karibu Sh160. Rejesho bado ni dola 573, ila sasa ni Sh91,700. Hilo mkopaji ataliona mwezi huohuo. Asiloliona upesi ni salio. Amelipa miezi 24 bila kuchelewa, deni limeshuka hadi dola 55,500, lakini kwa shilingi limepanda kutoka milioni 6.78 hadi milioni 8.88. Limeipita bei ya nyumba! Akitaka kuiuza ili atoke, haitoshi kulipa deni. Na kama mkataba una kifungu cha dhamana ya ziada, yaani kinachomtaka mkopaji aongeze mali ya kulinda deni, benki inaweza kukitumia hapo, kwa kuwa mthamini huthamini nyumba kwa shilingi huku deni likihesabiwa kwa dola.

Shilingi iliimarika baada ya Serikali kuuza hatifungani mpya ya dola, yaani kukopa dola kwa wawekezaji wa nje, Februari 2024, na dola ikarudi karibu Sh130. Aliyeogopa Januari akahamisha deni kwenda shilingi aliifunga hasara yake palepale.

Riba nayo haitulii. Mikopo ya dola mara nyingi hufuata SOFR, riba ya Marekani ya mikopo ya usiku mmoja inayotumiwa kama kigezo, kisha benki huongeza asilimia zake. SOFR ilikuwa karibu na sifuri 2021, na katikati ya 2023 ilikuwa imevuka asilimia 5. Marekani inapopandisha riba, dola nayo huelekea kupanda, kwa hiyo mapigo mawili huja pamoja. Mkopo wetu ukipanda hadi asilimia 11 baada ya miezi hiyo 24, rejesho linakuwa dola 670. Kwa dola ya Sh160 hizo ni zaidi ya Sh107,000.

Hesabu zote hizi, tena, ni za bei ya katikati, iliyo kati ya bei ya benki ya kununua dola na ya kuuza. Benki hukukata kwa bei yake ya kuuza dola, na mapema 2023 bei hiyo iliachana mbali na ile iliyotangazwa na Benki Kuu.

Unamfaa nani? Anayepokea dola zenyewe kwenye akaunti: mfanyakazi wa shirika la kimataifa, au muuzaji wa bidhaa nje. Mshahara uliotajwa kwa dola lakini ukalipwa kwa shilingi kwa kiwango kilichofungwa hauhesabiki. Mkenya wa London anayelipwa pauni naye bado anabeba hatari hii. Kodi ya pango unayopokea kwa dola pia si ngao ya kutegemea: Tanzania ilipiga marufuku Machi 2025 kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Kabla ya kutia sahihi, gawanya rejesho la mkopo wa shilingi kwa rejesho la dola. Hapa ni 85,800 kwa 573, karibu 150: dola ikivuka Sh150, unafuu wa kila mwezi umekwisha, hata riba isipoguswa. Kisha soma mkataba uone makato yanafuata bei ya siku gani, ada ya kuhamia shilingi ni kiasi gani, na kama benki inaweza kukuhamisha bila ridhaa yako. Kifungu hicho cha mwisho kikiwemo, omba kiondolewe kwa maandishi; wakikataa, chukua mkopo wa shilingi.