Mkutano wa tembo, kisha mji wa mito mitatu: uzoefu wangu wa Elefantentreffen na Passau

Elefantentreffen ni Kijerumani, maana yake mkutano wa tembo. Nilipompigia mama Tanga kumwambia naenda huko na shemeji, aliuliza swali ambalo kwetu ni la haki kabisa: "Tembo wa porini au tembo la mnazi?" Nikamjibu kwamba wa porini hayupo, la mnazi halipo, ila vinywaji vingine vimejaa tele. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nimsalimie shemeji na tuvae sana.

Tembo mwenyewe ni pikipiki. Miaka ya 1950 Wajerumani walikuwa na Zündapp KS 601, mashine nzito, nyingi zimepakwa kijani, watu wakaibandika jina Tembo wa Kijani. Mwaka 1956 mwandishi wa habari za pikipiki, Ernst Leverkus, aliwaita wenye mashine hizo wakutane karibu na Stuttgart katikati ya baridi, na vigari vyao vya ubavuni. Mkutano ukahamahama, ukakaa miaka mingi kwenye uwanja wa mbio wa Nürburgring, na tangu 1989 uko Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, kwenye bonde la Loh jirani na vijiji vya Solla na Thurmansbang, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Bonde limezingirwa na vilima kama bakuli, wenyewe wanaliita chungu cha wachawi. Kutoka hapo hadi Passau ni kama kilomita 40, na ndiyo sababu nikasema tusiende kuganda bure, tuutembelee na mji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mpangilio. Nilitaka tufikie Passau Ijumaa, tulale kitandani, Jumamosi tupande kuangalia pikipiki na jioni turudi zetu hotelini. Shemeji, ambaye maisha yake yote hajawahi kuendesha pikipiki lakini amepakiwa sana, alinikatalia. "Ukishaoga maji ya moto, shemeji, wewe hupandi tena huko juu." Tukageuza: Ijumaa na Jumamosi kwenye hema, Jumapili na Jumatatu mjini. Kama hutachukua kitu kingine humu, chukua huo mpangilio.

Pikipiki tulikodi. Ilikuwa ya Kirusi, aina ya Ural, silinda mbili zimetokeza kulia na kushoto kama masikio, na kigari upande wa kulia ambamo shemeji alijikunja na mizigo. Niliendesha bodaboda Tanga miaka minne, kuanzia Barabara ya Nane hadi Pongwe, nikajiona mtaalamu. Utaalamu wote uliishia kwenye uwanja wa yule mkodishaji. Chombo cha magurudumu matatu hakilali kwenye kona. Unakigeuza kwa nguvu za mikono kama mkokoteni. Ukivuta mafuta kinakukokota kulia, ukifunga breki kinakimbilia kushoto. Nilizunguka uwanjani nusu saa, mkodishaji amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, hasemi neno. Kitu kimoja nilikipenda sana: ina gia ya kurudi nyuma. Kitu kimoja sikukipenda: vishikio vya usukani vilivyoandikwa kwenye mkataba kuwa vinapasha moto mikono vilifanya kazi hadi kituo cha pili cha mafuta, vikazima kabisa. Jaribu kila swichi kabla hujatia sahihi, na usiogope kuonekana msumbufu.

Tulitoka Nürnberg alfajiri ya Ijumaa kwa barabara kuu ya A3. Mwendo wetu wa raha ulikuwa kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo malori yote ya Ulaya yalitupita, na kila moja lilituachia upepo na maji ya chumvi. Hapa barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu isikamate, na chumvi hiyo hutua kwenye kioo cha helmeti. Beba chupa ndogo ya maji na kitambaa, la sivyo ukifika Regensburg unaona dunia kama kupitia chandarua. Miguu yangu haikupata shida kwa sababu ya joto la silinda. Mikono ndiyo ilikufa. Ya shemeji siijui, alikuwa amefunikwa turubai hadi puani na nadhani alilala.

Kushuka bondeni ni kituko peke yake. Njia imekanyagwa na magurudumu hadi theluji imekuwa kioo. Katikati ya mteremko tuliteleza ubavu tukaziba njia, na kabla sijajua la kufanya, Wataliano watano walishakamata kigari, wawili huku, watatu kule, wanapiga kelele kama watu wa bandarini. Wataliano ni wengi sana kwenye mkutano huu, wamekuja kwa kuvuka milima ya Alps katika baridi hiyo hiyo. Magari hayaruhusiwi kambini, kila uliyemkuta mle amekuja kwa pikipiki, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyekuwa mgeni.

Malazi yako unayatengeneza mwenyewe. Pale unauziwa majani makavu kwa marobota, unayatandaza chini kabla ya hema, na hayo ndiyo godoro lako na kinga yako ya baridi ya chini. Tulinunua marobota mawili, majirani wakacheka, tukaongeza la tatu. Wakati nikilipa nilimwambia mzee aliyekuwa anauza kwamba sisi kwetu pesa bado tunaziita hela, kutokana na ile sarafu ya heller waliyotuletea Wajerumani wakati wa ukoloni. Alifurahi sana, ila bei hakupunguza.

Usiku ulishuka hadi nyuzi 11 chini ya sifuri. Fuko langu la kulalia lilikuwa limeandikwa kwamba linavumilia nyuzi 5 chini ya sifuri, na kweli lilivumilia. Mimi ndiye nilishindwa. Saa nane usiku nilitoka kuota moto wa majirani, nikamkuta shemeji ameshatangulia, amepewa kiti. Mbinu nilizojifunza hapo: chupa ya plastiki ngumu yenye maji ya moto ndani ya fuko, simu na betri ya akiba ulale nazo kifuani, viatu uviingize ndani vikiwa kwenye mfuko, na usivae kila ulicho nacho kwa kubana, maana damu haipiti. Usingizi wenyewe usiutarajie sana. Kuna watu furaha yao ni kunguruma injini saa tisa usiku.

Chakula kwa Mwislamu kinataka maandalizi. Kinachonukia vizuri zaidi mle ndani ni nguruwe, na mvinyo wa moto unapita kama chai. Tulibeba maharage, mchele, kopo la samaki, tangawizi na sukari ya kutosha. Chai yetu ya tangawizi iliyokolea ilituletea wageni kutoka hema sita, na Mfaransa mmoja alibadilishana nasi kuni kwa vikombe viwili. Nilipata biashara ambayo sikuipanga.

Jumamosi mchana ni ya kutembea na kushangaa. Ni maelfu ya watu, na kila mmoja anakuonyesha kitu. Niliona pikipiki ina jiko la kuni ndani ya kigari, bomba la moshi limesimama. Nikaona nyingine ya zamani ya Ujerumani Mashariki, MZ, mwenyewe ameifunga minyororo kwenye gurudumu la nyuma kama trekta. Asubuhi ilikuwa burudani ya kiki: betri zimekufa kwa baridi, watu wanapiga kiki mpaka jasho linawatoka kwenye theluji. Hapo nami nilipata heshima, kwani mguu wa bodaboda haujasahau. Ya kwetu iliwaka kiki ya nne. Jirani Mjerumani alihesabu.

Jioni taa za kambi zilipungua na watu wakaanza kupanda na mienge. Ni maandamano ya kuwakumbuka waendesha pikipiki waliokufa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Unaona mstari wa moto unazunguka kilima, na wale waliokuwa wakipiga kelele mchana kutwa kimya. Kijiweni kwetu Tanga tulizika wanne katika miaka yangu minne. Tulikuwa tunachanga, tunasindikiza kwa honi, kesho yake tunarudi kutafuta abiria. Shemeji aliniuliza kama namkumbuka yule wa koti jekundu. Nikasema namkumbuka. Tulibaki juu hadi mienge ikazimika.

Jumapili asubuhi tulifungasha, tukateremka Passau. Shemeji alikuwa na haki kuhusu maji ya moto. Nyumba ya wageni tuliyopata ilikuwa na sehemu ya kukaushia nguo na banda la kuegesha, na ukitafuta chumba kwa safari hii uliza hayo mawili kabla ya kuuliza kifungua kinywa. Tulichelewa nusu saa mapokezi kwa sababu mhusika alitutazama, akatunusa, akaenda kumwita mwenzake. Simlaumu. Baada ya hapo nililala saa tano mfululizo. Ukipanga mji siku ya Jumapili, zingatia kwamba maduka ya Ujerumani yamefungwa, ila duka la Mturuki la kebabu halikutuangusha.

Passau imekaa kwenye ncha ya nchi kavu ambapo mito mitatu inakutana. Danube inatoka magharibi, Inn inakuja kutoka Alps kusini, Ilz kutoka msituni kaskazini, kule kule tulikoganda. Picha za matangazo zinaonyesha rangi tatu zimepakana waziwazi. Majira ya joto Inn huleta maji yenye weupe wa barafu iliyoyeyuka. Sisi Januari tuliona tofauti ndogo tu, isipokuwa Ilz, ambayo kweli ni nyeusi kama chai ya rangi. Hata hivyo kusimama pale mwisho wa ncha, maji kulia na kushoto, ni bure na ni pazuri.

Kilichonikamata zaidi ni ukuta wa jumba la mji, kando ya Danube. Wamechora alama za mafuriko na miaka yake. Ya Juni 2013 ilifika mita 12.89, na ili upate iliyoizidi lazima urudi hadi 1501. Alama iko juu mno ya kichwa changu, nami nimesimama mtaani, si mtoni. Nikaelewa kwa nini mji wenye utajiri huu una vyumba vingi vya chini vitupu.

Utajiri wenyewe ulitoka kwenye chumvi. Ilishushwa kwa mto Inn, ikapakiwa kwenye migongo ya farasi, ikapandishwa msituni hadi Bohemia, Ucheki ya leo, kwa njia iliyoitwa Njia ya Dhahabu. Waliotawala ni maaskofu, waliokuwa pia wafalme wadogo hadi 1803. Ngome ya Veste Oberhaus iliyo juu ya kilima ilianzishwa 1219, na usidhani ilikuwa ya kumzuia adui wa nje peke yake: askofu alikuwa akijilinda na wananchi wake, ambao waliishambulia zaidi ya mara moja na hawakuipata. Makumbusho yake majira ya baridi hufungwa, lakini panda tu. Ukiwa juu unauona mji wote kama meli inayoelekea mashariki.

Kanisa kuu la Mtakatifu Stefano lilijengwa upya baada ya moto wa 1662 ulioteketeza mji, na mafundi walikuwa Wataliano. Nilimtania shemeji kwamba Wataliano wa Passau kazi yao ni kuwainua watu walioanguka. Ndani kuna kinanda chenye mabomba 17,974. Hatukukisikia, matamasha yake ya mchana ni ya kuanzia Mei hadi Oktoba. Hili ndilo pengo kubwa la kuja Januari, na anayekuja hasa kwa ajili ya kinanda asije na sisi watu wa tembo. Badala yake tulivuka Inn tukapanda ngazi za Mariahilf, 321, zimeezekwa kwa hiyo hazina theluji. Mahujaji husali kila ngazi. Shemeji alipumzika karibu kila ngazi.

Tukiacha mikono yangu na kinanda, nimeridhika. Mkutano naupa nyota tano kwa watu na tatu kwa usingizi. Mji nne, na ingekuwa tano kama tungeubakizia siku ya tatu, maana makumbusho ya vioo pale hoteli ya Wilder Mann, yaliyofunguliwa 1985 na Neil Armstrong yule wa mwezini, tuliyapita mbio. Mkodishaji namuachia mbili. Kuhusu vishikio vya usukani aliomba radhi, akasema ni bahati mbaya. Kisha akafungua kigari, akakuta majani makavu aliyoyalalia shemeji, akatukata euro 30 za usafi. Shemeji alidai apewe majani yake, kwa kuwa tumeyalipia mara mbili. Akapewa, kwenye mfuko wa nailoni, na mpaka leo yako barazani kwake.