TAHADHARI: "Waranti ya betri mpaka 2028" kwenye Leaf zinazouzwa hapa Tanga

Wana Tanga, hasa mnaotafuta Nissan Leaf, lile gari la umeme, iliyotumika: kuna dalali anazunguka Chumbageni na Raskazone na kijitabu cha Kijapani mkononi, anauzia watu waranti ambayo haipo. Jina silitaji kwa sababu malalamiko yameshapelekwa kunakohusika, ila mbinu yake ijueni kabla hamjatoa hela.

Gari nililoletewa gereji ni la mwalimu mstaafu, kanunua kwa kiinua mgongo chake. Aliambiwa, "Mama yangu, betri ikizingua unabadilishiwa bure na kiwanda, mpaka 2028." Akafunguliwa na kijitabu: tarehe imeandikwa kwa kalamu, na namba 28 inaonekana wazi kabisa. Sasa, ile 28 si 2028. Wajapani huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao. Heisei 28 ni 2016, na hiyo ndiyo tarehe gari liliposajiliwa mara ya kwanza kwao. Jamaa kauza siku ya kuanza kama siku ya kuisha. Kwa uso mkavu huo, angegombea hata udiwani.

Ukikutana na Heisei (utawala uliopita), ongeza 1988. Ukikutana na Reiwa (utawala wa sasa), ongeza 2018.

Waranti yenyewe ilikuwepo kweli. Leaf za Japani zenye betri ya kilowati-saa 30 zilipewa miaka 8 au kilomita 160,000, kimojawapo kikitangulia. Zile za 24 zilipewa miaka 5 au kilomita 100,000. Kwa hiyo gari la 2016 lilishamaliza muda wake 2024, hata lingebaki Yokohama. Na hata lingekuwa na miaka mbele, dhamana ile ni ya soko la Japani. Likishafutiwa usajili kule na kupandishwa meli, huna pa kuidai. Wakala wa hapa hakuliuza yeye, atakuhurumia tu.

Kinachoniudhi zaidi ni betri. Pembeni ya kipimo cha chaji kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Siku mama ananunua, vyote 12 vilikuwa vinawaka. Baada ya wiki chache vimebaki 8. Betri haichoki kwa kasi hiyo, jamani. Kompyuta yake ilifutwa kumbukumbu, ikawa inajidhania mpya mpaka ilipoizoea tena hali halisi. Ukifanyiwa mchezo huo, hata programu za simu kama Leaf Spy zitakusomea uongo uleule. Na Leaf hizi za zamani hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, sasa fikiria joto letu la mwezi wa pili.

Barabara ndiyo haidanganywi. Chaji ijae, washa kiyoyozi, nendeni Muheza na kurudi, kilomita 70 na kitu, halafu tazama asilimia iliyobaki. Dalali akianza habari za "mafuta yangu", mkumbushe gari halinywi mafuta, kisha ondoka. Usikubali pia ile hadithi yake ya "kilomita 280, unafika Chalinze bila kusimama". Hiyo 280 ni ya kipimo cha Japani kwa betri mpya ya 30. Wamarekani waliipima Leaf ya betri hiyohiyo wakapata 172. Mama wa watu sasa hivi Korogwe tu anaiombea dua.

Muuzaji akisema ana waranti yake mwenyewe, sawa, aiandike kwenye mkataba: inahusu nini, miezi mingapi, nani anagharamia, na vijistari vikishuka mpaka vingapi. Dai risiti ya EFD. Kama umeshauziwa, usifute meseji wala sauti za WhatsApp, zipeleke Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na mkataba.

Mwenye kijitabu asichokielewa apige picha kurasa zote anitumie inbox. Tarehe nitamsomea bure.