Peugeot 404 na Peugeot 504: Uzoefu Wangu na Magari Mawili ya Zamani

Nimeendesha na kutunza Peugeot 404 ya mwaka 1964 na Peugeot 504 GL ya mwaka 1976, na kwa kuwa wapenzi wa magari ya zamani hapa Kenya huniuliza wanunue ipi, jibu langu ni 504, ijapokuwa ninayoipenda zaidi ni 404.

404 ilizinduliwa mwaka 1960 ikiwa na umbo lililobuniwa na Pininfarina, kampuni ya Kiitalia ya kubuni magari, na injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa kwa nyuzi 45 ili boneti ikae chini. Usukani wake ni mwepisi na sahihi, nayo gia iliyo kando ya usukani huzoeleka upesi. Kinachonitia wasiwasi ni breki, kwa sababu gari la mwaka huo lina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Unapoteremka Mai Mahiu nyuma ya malori huna budi kuingiza gia ndogo mapema, kwani breki za aina hiyo zikipata joto hupungua nguvu.

504, iliyotoka mwaka 1968 na kutawazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969, iliondoa wasiwasi huo kwa breki za diski mbele na nyuma. Tena magurudumu yake ya nyuma hupanda na kushuka kila moja kivyake, ilhali 404 ina ekseli moja nzima inayounganisha magurudumu hayo mawili, na tofauti hiyo utaihisi mgongoni kwenye barabara ya murramu yenye matuta madogo madogo. Injini yangu ya sentimita 1,971 hupanda milima bila kulalamika.

Wanaoiona 404 kuwa gari la harusi tu wakumbuke kwamba ilishinda Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na kwamba katika mashindano ya mwaka 1968, ambayo Nick Nowicki na Paddy Cliff waliibuka washindi, ni magari 7 tu kati ya 93 yaliyofika mwisho. 504 ilishinda mara mbili, mwaka 1975 na 1978.

Vipuri ndivyo vinavyoamua. 504 ziliunganishwa Mombasa na nyingi zikafanya kazi ya matatu, hivyo vipuri vya injini bado vinapatikana. Tahadhari moja: matatu zile zilikuwa za steshenwagoni, zenye ekseli nzima nyuma, kwa hiyo vifaa vyake vya nyuma havitaingia kwenye salun, yaani gari lenye buti iliyojitenga. Mapambo na taa za 404 mara nyingi huagizwa kutoka Ufaransa, na bei yake huumiza.

Yoyote utakayochagua, kagua kutu sakafuni na chini ya milango kabla hujawasha injini, maana injini hizi hufufuliwa kwa gharama ndogo kuliko bodi.