Mashine ya Upepo na Mashine ya Umeme: Tathmini Baada ya Misimu Miwili ya Mei Mosi

Karakana yetu ya kuchapa fulana iko Keko, na kwa misimu miwili mfululizo ya Mei Mosi tumefanya kazi na mashine mbili za skrini zinazojiendesha, yaani zinazochapa kwa kupitisha wino kwenye wavu uliobanwa katika fremu, zote za rangi sita, kila rangi na kichwa chake. Ya kwanza tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na vichwa vyake husukumwa na upepo wa kompresa; ya pili vichwa vyake huendeshwa na mota za umeme. Ninazilinganisha hapa kwa ajili ya mwenye karakana wa Dar es Salaam anayetaka kuachana na meza ya mkono, kwa kuwa maelezo ya wauzaji huwa yameandikwa kwa kufikiria karakana za Marekani na Ulaya, ambako unyevu wa masika yetu haujulikani na umeme haukatiki katikati ya oda.

Kwanza jina lenyewe linapotosha. Katika mashine nyingi zinazoitwa za umeme, mota huendesha skwiji (ubao wa mpira unaosukuma wino kupitia skrini) mbele na nyuma, na mara nyingi huzungusha pia meza inayobeba fulana, lakini kuikandamiza skwiji juu ya skrini na kubana fremu bado ni kazi ya upepo. Kompresa inayohitajika ni ndogo zaidi, ila haiondoki. Mimi nilikwisha kumtafuta mnunuzi wa kompresa yetu kabla ya fundi kunionyesha mipira ya kupitishia upepo ya mashine mpya.

Upepo huo ndio uliotutesa msimu wa kwanza. Oda za Mei Mosi huja Aprili, yaani katikati ya masika, wakati ambapo hata shati jepesi hukaa kambani siku mbili bila kukauka. Kompresa inayofanya kazi kwa msukumo wa bari 7 juu ya ule wa hewa ya kawaida huchukua ujazo nane wa hewa hiyo ya masika na kuushindilia katika nafasi ya ujazo mmoja. Mvuke uliokuwa umetawanyika hukosa mahali pa kukaa, na hewa ikipoa ndani ya tangi na mabomba, mvuke unageuka maji. Tulikuwa tukifungua koki ya tangi kila asubuhi tukidhani tumemaliza. Siku moja, katikati ya oda ya fulana nyeupe, matundu ya kutolea upepo kwenye valvu yalianza kutema maji yaliyochanganyika na mafuta, na kabla ya kijana aliyekuwa akizitoa fulana kugundua, dazeni tano zilikuwa zimepata madoa ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Aliyetuuzia mashine alikuwa amesema kichujio kidogo kinatosha. Hakitoshi. Kinachohitajika ni kikausha hewa cha kupoza, ambacho huishusha hewa hadi karibu nyuzi 3 za Selsiasi ili maji yadondoke kabla ya kuingia kwenye mashine, na bei yake inapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya bei ya mashine ya upepo tangu siku ya kwanza. Baada ya kukifunga hatukupata tena doa la aina hiyo.

Katika ubora wa chapa, tofauti haionekani kwenye nembo ndogo ya kifuani. Inaonekana kwenye mchoro mpana wa mgongoni, hasa kwa wino mweupe wa plastisoli, yaani wino wa plastiki, juu ya fulana nyeusi. Wino huo ni mzito, na hewa ina tabia ya kubanika: skwiji inapokutana na ukinzani husita, upepo hujikusanya nyuma yake, kisha huruka mbele ghafla, na mahali iliporuka wino huwa mwembamba. Fundi mzuri hupunguza tatizo hili kwa kurekebisha valvu ya kila kichwa, lakini vichwa vyote sita vinapovuta upepo kwa pamoja msukumo hushuka, na marekebisho ya asubuhi hayafai mchana. Zaidi ya hayo, meza haiwezi kuzunguka mpaka kichwa cha mwisho kimalize, kwa hiyo kichwa kimoja kizito huvichelewesha vingine vitano. Mashine ya umeme hupangiwa mwendo wa kila kichwa kwa namba na huushika mwendo huo kutoka fulana ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa jambo hili pekee sina sababu ya kusitasita: mashine ya umeme ni bora.

Kuhusu gharama za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, wengi hutazama pasipostahili. Draya (tanuri la kukausha fulana zilizochapwa) na flashi (hita ya kukausha wino kati ya rangi moja na nyingine) ndizo zinazokula yuniti, si mashine yenyewe. Hata hivyo kompresa ina ubadhirifu wake, kwani sehemu kubwa ya umeme inaoutumia huishia kuwa joto (chumba chake kwetu hakikaliki mchana), na kila kiungo kinachovuja huilazimisha kufanya kazi hata wakati hakuna fulana inayochapwa. Isitoshe, mota kubwa ya kompresa inapowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na jenereta lazima iumudu mshituko huo. Mota za mashine ya umeme huanza polepole kupitia vidhibiti vya mwendo, na jenereta yetu ndogo huzibeba bila kulalamika.

Lakini vidhibiti hivyo ndivyo udhaifu wa mashine hiyo hapa mjini. Umeme ukipungua nguvu jioni, vinajizima ili kujilinda. Ukikatika na kurudi kwa kishindo, vinaweza kuungua. Kimoja chetu kiliungua, na tulikaa siku kumi na tisa tukisubiri kingine kutoka nje huku tukiwapigia wateja simu za kuomba radhi. Mashine ya upepo inapoharibika, aghalabu ni oringi (pete ya mpira ya kuzuia upepo usivuje) iliyochoka au valvu iliyokwama. Fundi huenda kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani baada ya chakula cha mchana na kabla ya alasiri kazi inaendelea.

Kwa karakana yenye umeme wa njia tatu (fezi tatu) na oda za michoro mipana, ningeshauri mashine ya umeme, lakini kwa sharti la kununua pamoja nayo stebilaiza ya kusawazisha umeme na kidhibiti kimoja cha akiba kabla ya kuiwasha. Asiyeweza kulipia vyote hivyo anunue ya upepo pamoja na kikausha hewa, na ataweza kuihudumia kila siku. Sisi hatukuiuza ile ya upepo. Siku zile kumi na tisa ndiyo iliyochapa oda zote za rangi moja na mbili, na Aprili hii pia imetengewa nembo za kifuani.