Tegi za kuhesabu bando za nguo kwenye laini ya kushona: sijui niwape nyota ngapi, nina hasira

Kabla mtu wa mauzo hajawaletea slaidi zake someni hii kwanza. Mimi ni supavaiza wa laini huku Athi River, tunashona mashati ya eksipoti, na hapa majuzi tuliletewa sistimu ya tegi, vile vibandiko vya RFID vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio. Bando, yaani fungu la vipande vya shati, likitoka katingi kunakokatwa vitambaa linafungwa tegi yake, likipita mbele ya rida, mashine ya kusoma tegi, linajihesabu lenyewe. Wakatuambia eti hata Zara, wale wa maduka ya nguo, wanatumia. Sawa, Zara walianza na hizo tegi 2014, lakini hiyo ni ya stoo na duka jamani, duka lina mistari ya mashine za chuma na pasi za mvuke kutwa nzima?

Rida ya laini jirani waliifunga kando ya njia ya troli, na hii kitu inasoma kutoka mita kadhaa, inapenya kitambaa, mawimbi yakigonga chuma yanaruka kokote. Sistimu nayo inahesabu bando mara moja tu, aliyelisoma kwanza kalichukua. Kwa hiyo mzigo wetu ukisukumwa kwenda pasi unaandikwa kwa jirani! Saa nane mchana skrini inasema wao wamevuka tageti, na mimi nawaona kwa macho yangu bado wanahangaika na kola. Bonasi ikatoka kwa hesabu ya skrini, wasichana wangu wakala hewa.

Nikaitisha fundi wa kampuni. Kijana kaja na laptopu yake, hata macho hakuinua, "Mama, wewe simamia washonaji, mambo ya data tuachie sisi." Mbele ya opereta wangu wote! Nikamwambia haya njoo usukume troli mwenyewe uone, akasema sistimu haikosei, wanaokosea ni watu. Nikabeba bando nikalipitisha pale pale, pii, likaenda laini ya jirani. Akaanza kutafuta chaja.

Ningewapa sifuri nimalize, ila kinachoniudhi zaidi ni kwamba upande wa kwaliti inafanya kazi, tena vizuri. Kuna siku kola zilikuwa zinatoka na mshono unaoruka, QC, mkaguzi wetu wa kwaliti, akaskani bando zenye kasoro, zote zikaonyesha zimepita mashine moja, mekanika kufungua akakuta sindano imepinda. Zamani hapo tungelaumiana mpaka jioni. Kwa hiyo mwenye kiwanda anunue, sawa, lakini achukue zile za kadi ambazo opereta anagusisha mwenyewe kwa mashine, hizo haziibiwi na troli.

Au basi asinunue. Bonasi ya wasichana haijarudishwa mpaka leo, ofisi inasema data ndiyo hiyo, rida bado iko pale pale njiani, na sasa tunabeba bando kwa mikono tukizungukia nyuma ya meza za katingi ili tusisomwe. Nyota moja, na hiyo ni ya QC.