Kushika si kukumbuka: mapitio ya huduma mbili za kutafsiri ripoti ya kumbukumbu kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza

Mama yetu mkubwa aliishi kaskazini mwa Ujerumani kwa zaidi ya miaka 30, na mwaka jana aliamua kurudi Tanga akae karibu na wadogo zake na mwanawe. Kabla ya safari alikuwa amepimwa katika kliniki ya kumbukumbu, ambayo Wajerumani huiita "Gedächtnisambulanz", akapewa ripoti ya kurasa tatu. Kwa kuwa mafaili ya wagonjwa nchini Tanzania huandikwa kwa Kiingereza, ilibidi ripoti hiyo itafsiriwe kabla hajaonana na daktari wa mishipa ya fahamu Dar es Salaam. Nimelipia tafsiri yake mara mbili, kwa ofisi mbili tofauti, na haya ni mapitio ya kazi zote mbili. Majina ya ofisi sitayataja, kwa kuwa ninalotaka kumwonyesha msomaji ni jinsi ya kuipima kazi ya namna hii, hata kama hajui Kijerumani.

Ofisi ya kwanza ilitoza yuro 89 kwa hati nzima na kuirudisha siku iliyofuata, ikiwa imepangwa vizuri, yenye vichwa vya habari na majedwali yaleyale ya ripoti ya awali. Kwa macho tu haikuwa na dosari. Nikaituma Tanga, na jioni hiyohiyo kaka yangu, yaani mwanawe mama mkubwa, akanipigia simu. Aliniuliza, "Dada, hapa mstari mmoja unasema kumbukumbu ya mama imepungua sana, na mstari unaofuata unasema kumbukumbu imebaki karibu yote. Sasa daktari ashike lipi?"

Nilipoiweka ripoti ya Kijerumani kando ya tafsiri, niliona kwamba daktari wa kliniki hakujipinga hata kidogo. Katika mstari wa kwanza alikuwa ameandika "Merkfähigkeit", na katika wa pili "Altgedächtnis". Ofisi ile iliyageuza maneno yote mawili kuwa "memory", na kwa kufanya hivyo ikafuta jambo ambalo pengine ndilo zito kuliko yote katika ripoti nzima.

Inafaa nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia msomaji kuliko Kiingereza. "Merkfähigkeit" ni uwezo wa kulipokea jambo jipya na kulishika kichwani: jina la mgeni aliyejitambulisha sasa hivi, maneno kumi yaliyosomwa na mpimaji, mahali miwani ilipowekwa. "Altgedächtnis" ni kumbukumbu ya mambo ya zamani, kama shule aliyosoma, mwaka aliofunga ndoa, au nani alimpokea uwanja wa ndege alipofika Ulaya. Sisi tunasema mtoto fulani ana kichwa cha kushika, na bibi fulani anakumbuka mambo ya tangu enzi za mkoloni lakini hashiki ulichomwambia asubuhi. Kushika na kukumbuka kwetu ni vitenzi viwili, na mtu yeyote aliyemuuguza mzee anaijua tofauti yake bila kufundishwa. Kiingereza hakina neno moja lililozoeleka la kubeba "Merkfähigkeit", kwa hiyo mfasiri mvivu hukimbilia "memory" na mfasiri makini hulazimika kuandika maneno kadhaa. Mfasiri wa pili aliandika "ability to retain new information", na kwa "Altgedächtnis" akaandika "remote memory", istilahi ambayo madaktari wanaosomea kwa Kiingereza wanaifahamu vyema. Ghafla ile mistari miwili ikaacha kugombana: mama mkubwa hashiki mapya, ila ya zamani bado anayo.

Tofauti hii ndiyo iliyoonekana tangu mwanzo wa historia ya ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina ya demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mwaka 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimhoji mgonjwa aitwaye Auguste Deter. Alimwonyesha vitu, mgonjwa akavitaja vingi kwa majina yake sahihi, na muda mfupi baadaye akawa amesahau kwamba alionyeshwa chochote. Alzheimer aliueleza ugonjwa huo mbele ya wenzake mjini Tübingen mwaka 1906 na kuchapisha maelezo yake mwaka 1907. Lugha ya Kijerumani ya taaluma hii ina umri mrefu na ina maneno yake yenye mipaka iliyochorwa vizuri, na anayeitafsiri kwa kukisia huivuruga mipaka hiyo.

Kosa la pili la ofisi ya kwanza lilitokana na maneno mawili madogo. Ripoti ilisema mama mkubwa ni "zur Zeit unscharf orientiert". Katika sehemu hiyo ya ripoti daktari hupima kama mgonjwa anajua wakati, mahali, yeye mwenyewe ni nani na yuko katika hali gani, hivyo maana yake ni kwamba hakuwa na uhakika kamili wa tarehe au siku. Lakini "zurzeit", likiandikwa kwa neno moja, ni "kwa sasa", na zamani hata maana hiyo iliandikwa kwa maneno mawili. Ofisi ikaandika kwamba mgonjwa "is currently vaguely oriented", yaani kwa sasa hajielewi vizuri kwa jumla. Mtu aliyeijua nyumba yake, aliyemtambua daktari, aliyeeleza kwa nini yuko kliniki, na aliyekosea siku ya wiki peke yake, akageuzwa kuwa mtu asiyejua yuko wapi.

Makosa mengine nitayapitia kwa haraka, ingawa kila moja lilitosha kumpotosha daktari. "Fremdanamnese" ni maelezo ya ugonjwa yanayotolewa na ndugu au jirani, si mgonjwa mwenyewe. Kwa kuwa "fremd" peke yake huweza kuwa "geni", tafsiri ilizungumzia historia ya kigeni, na ndugu zetu wakadhani kliniki ilikuwa ikichunguza asili ya mama. "Durchgangssyndrom", neno la zamani ambalo madaktari wa Ujerumani bado wanalitumia kwa mgonjwa anayechanganyikiwa kwa muda baada ya upasuaji, likawa "transit syndrome", maneno yasiyo na maana yoyote kwa daktari anayesoma Kiingereza. Isitoshe, mbele yake kulikuwa na herufi "Z. n.", zinazoonyesha kwamba jambo lilishatokea na kupita, nazo ziliachwa. Upasuaji wa nyonga wa mwaka 2019 na siku chache za kuchanganyikiwa zilizoufuata zikasomeka kama ugonjwa alio nao leo. "Zeitgitterstörung", yaani kushindwa kuyapanga matukio ya maisha kwa mfuatano wake, ikatafsiriwa kipande kwa kipande kuwa "time grid disorder". Na "unauffällig", ambalo katika ripoti ya daktari lina maana ya kuwa hakuna kasoro iliyoonekana, likawa "inconspicuous", kana kwamba mishipa ya mgonjwa ilikuwa imejificha.

Kosa lililonikosesha usingizi, hata hivyo, lilikuwa la herufi moja. Nchini Ujerumani daktari wa nje ya wodi huweka herufi baada ya namba ya ugonjwa, ile inayotoka katika orodha ya kimataifa ya magonjwa: G kwa ugonjwa uliothibitishwa, V kwa ule unaoshukiwa, Z kwa ugonjwa uliokwisha kupita bila kuacha dalili, na A kwa ule uliokataliwa baada ya uchunguzi. Ripoti ya mama mkubwa ilikuwa na F06.7 yenye G, yaani hitilafu ndogo ya uwezo wa kufikiri na kukumbuka, iliyothibitishwa, kisha demensia ya aina ya Alzheimer inayoanza, ikiwa na V na maneno "V. a.", yaani shaka tu. Tafsiri ya kwanza ilizitupa herufi zote na ufupisho wote. Shaka ikawa hukumu, na ndugu watatu wa Tanga wakakesha wakizungumzia nani atamlinda usiku.

Ofisi ya pili ni ndogo sana: mfasiri mmoja aliyeapishwa mahakamani na mwenzake anayehakiki. Waliniambia tangu barua pepe ya kwanza kwamba kila tafsiri husomwa na mtu wa pili akilinganisha na hati ya awali, kama kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinavyotaka, na kwamba bei huhesabiwa kwa mstari wa herufi 55, nafasi zikihesabiwa pia, ambao ndio mstari wa kawaida wa wafasiri wa Ujerumani. Ripoti yetu ilikuwa na mistari 120 kwa yuro 1.95, jumla yuro 234, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19 ikaifikisha yuro 278.46. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya bei ya ofisi ya kwanza, na kwa familia nyingi si pesa ndogo. Ilichukua siku tisa za kazi, simu hupokewa asubuhi tu, na siku ya sita nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Haya nayahesabu kuwa upungufu wa kweli, kwa sababu mgonjwa mwenye tiketi ya ndege hawezi kungoja apendavyo mfasiri.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kiwango ambacho sijakiona tena. Mfasiri aliniuliza maswali matatu kabla ya kuanza. La kwanza lilikuwa kama msomaji ni daktari au ofisi ya serikali, kwani daktari hahitaji muhuri wa mfasiri aliyeapishwa, na bila muhuri nilipunguziwa gharama. La pili lilikuwa kama ninayo karatasi ya matokeo ya vipimo. Sikuwa nayo, akanikumbusha kwamba sheria ya Ujerumani inampa mgonjwa haki ya kupata nakala ya faili lake, na kliniki ikatuma ndani ya wiki hiyohiyo. La tatu ndilo lililoniweka kimya kwenye simu: aliuliza mama mkubwa alizaliwa katika lugha gani.

Sababu yake ilikuwa kipimo kiitwacho DemTect, kinachotumika sana Ujerumani, chenye alama 18. Alama 13 hadi 18 ni za kawaida kwa umri wa mtu, 9 hadi 12 huashiria upungufu mdogo, na 8 kushuka chini hutia shaka ya demensia. Mama mkubwa alipata 10. Ofisi ya kwanza iliandika "10/18" ikanyamaza, na daktari aliyezoea kipimo cha alama 30 angeweza kuisoma vibaya. Mfasiri wa pili aliweka maelezo yake mwishoni mwa hati, yakiwa yametengwa wazi na maneno ya daktari, akieleza mipaka ya alama na yaliyomo katika kipimo: maneno kumi ya kukariri, kugeuza tarakimu kuwa maneno na maneno kuwa tarakimu, kutaja kwa dakika moja vitu vingi iwezekanavyo vinavyouzwa katika duka kubwa, kurudia tarakimu kinyumenyume, kisha kuyakumbuka tena yale maneno kumi. Akaongeza sentensi moja, kwamba ripoti inaonyesha kipimo kilifanyika kwa Kijerumani, nayo si lugha ya kwanza ya mgonjwa.

Anayezijua lugha zote mbili ataona uzito wa sentensi hiyo. Mjerumani husema tatu na ishirini pale tunaposema ishirini na tatu, kwa hiyo kugeuza tarakimu kuwa maneno ni mzigo wa ziada kwa mtu aliyejifunza kuhesabu Tanga. Sisemi kwamba mama mkubwa hana tatizo, kwa kuwa tumeliona kwa macho yetu. Nasema kwamba alama zake zilistahili kusomwa na mtu anayejua zilipatikana kwa lugha gani, na mfasiri ndiye aliyelilinda hilo.

Nina jambo moja ambalo sikukubaliana naye. F06.7 aliitafsiri "mild cognitive disorder", ambalo ndilo jina la namba hiyo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, wakati madaktari wengi katika mazungumzo yao husema "mild cognitive impairment". Nilimwandikia, akanijibu kwa upole kwamba penye namba yeye hufuata jina la namba. Ningependa angeweka maelezo mafupi hapo pia, kama alivyofanya kwenye kipimo.

Kwa hati ya kumbukumbu, ofisi ya kwanza siwezi kumpendekezea mtu yeyote, hata kwa bure. Ya pili naipa alama tisa kwa kumi, na ile moja inayopungua ni ya siku tisa na simu isiyopokelewa mchana. Atakayetafuta huduma kama hii anaweza kuuliza maswali mawili kabla ya kulipa: "Merkfähigkeit" mtaliandikaje kwa Kiingereza, na herufi V baada ya namba ya ugonjwa mtaifanya nini? Majibu yatamwonyesha kama anazungumza na mtu aliyewahi kuzisoma ripoti hizi.

Kaka alimsindikiza mama mkubwa Dar es Salaam akiwa na tafsiri ya pili. Alinieleza kwamba daktari alianzia ukurasa wa mwisho, wenye maelezo ya mfasiri, akayasoma mara mbili, kisha akamgeukia mama mkubwa na kumwomba kwa Kiswahili amtajie, kwa dakika moja, vitu vyote ambavyo angenunua sokoni Ngamiani, kule Tanga.