Precision au Jazz Bass, mi nimekaa na zote

Kila tukikutana na wapiga besi hapa Mwanza ubishi ni huohuo, gita la besi lipi, P (Precision) au J (Jazz). Zote za kampuni ya Fender, Precision ilitoka 1951, Jazz ikaja 1960. P ina pikapu (kile kinasa mlio chini ya nyuzi) moja iliyogawanywa vipande viwili na nobu mbili za kuzungusha, yani unachomeka unapiga, mlio mnene unakaa chini ya ngoma hauhangaiki. Yangu nilitoa zile nyuzi za kukwaruza nikafunga za bapa, aisee, ikawa kama besi la zamani kabisa.

Jazz sasa, shingo nyembamba kule juu, vidole vifupi kama vyangu vinafurahi, pikapu mbili unachanganya utakavyo, ya nyuma ukiiacha peke yake inaongea kama mtu kabana pua, kwenye sebene ni tamu balaa. Ila ukitumia pikapu moja tu inavuma, ule mngurumo wa umeme, na ukumbi fulani Kirumba ambao umeme wake hauna ethi (waya wa ardhini) ilivuma mpaka mchungaji akageuka! Nikaifungua, nikabandika foili ya shaba ndani, nikaunga na ethi ya gita, ikapungua sana.

Kwaya nabeba P. J siiuzi, msiniulize bei.